Vipimo Themanini na Vitatu

Kazi yangu ni kuhesabu.
Mchana, Kilindini,
nahesabu makontena yanayoshuka,
mekundu, ya buluu, yenye kutu kama meno ya mvuta tumbaku.
Jumanne na Ijumaa usiku, kanisani Kengeleni,
nahesabu kimya.

Nyuma kabisa ya okestra, karibu na mlango wa sakristia,
ndipo zilipo ngoma zangu mbili za shaba.
Mbele yangu karatasi. Juu yake mstari mnene mweusi
na tarakimu: themanini na tatu.
Maana yake, usipige.
Maana yake, wengine waseme, wewe ngoja,
kisha piga mara moja, noti moja,
na ukikosea, Kisauni nzima itakusikia.

Joto la Februari limezishinda ngozi, zimelegea.
Nazikaza kwa ufunguo, nainamisha sikio,
naguna midomo imefungwa, naitafuta re.
Ng'ambo ya barabara muadhini anaanza.
Mwalimu Mghanga anashusha kijiti chake,
nasi sote twatulia mpaka amalize.
Hakuna aliyetufundisha hilo.
Bi Filomena Figueiredo anaitumia nafasi hiyo
kufuta chumvi kwenye nyuzi za fidla:
hewa ya mji huu, asema, hula chuma na haishibi.

Tunaanza tena.
Selo zinaingia kwanza, chini, kama mtu
anayetafuta viatu gizani asiwaamshe watoto.
Moja. Mbili. Tatu.
Alto wanadakia. Kumi na nne.
Mwakio, mwenye selo ya pili, ni muuguzi zamu ya usiku;
kipimajoto bado kimo mfukoni mwake.
Ishirini na sita.

Mbeyu wangu alikwenda Dammam mwaka juzi
kulea watoto wa watu.
Mwanzo alipiga kila Ijumaa.
Kisha kila mwezi. Kisha ile sauti ya mwanamke
asiyechoka: namba unayopiga haipatikani.
Nilimfuata wakala, Buxton; ofisi yake sasa inauza mapazia.
Thelathini na tisa.
Wanasema subira huvuta heri.
Hawasemi huivuta kwa kamba gani,
wala nani ameshika ncha ya pili.

Arubaini. Au arubaini na moja?
Hapa ndipo mtu hupotea.
Usiku wa kwanza nilipotea, nikapiga mapema,
ngoma ikanguruma peke yake katikati ya sala ya soprano,
watoto kwenye benchi la nyuma wakaangua kicheko.
Mwalimu hakukasirika. Alisema:
"Bwana Nyiro, kimya nacho kimeandikwa.
Mtunzi hakukisahau.
Kihesabu kama unavyohesabu mali ya watu."

Sijui kuamini kama mke wangu alivyoamini,
magoti chini, macho yakitiririka,
akimtaja Mungu kama jirani wa mlango wa pili.
Imani yangu mimi ni hii:
kwamba baada ya hamsini na saba kuna hamsini na nane.

Sasa Amina yenyewe. Kurasa kumi na moja, neno moja.
Besi wanaianza, teno wanaipokonya,
soprano wanaikimbiza juu hadi darini
pale rangi inapobanduka,
alto wanaidaka kama mtoto aliyerushwa na mjomba.
Sabini. Wapiga tarumbeta wanalowesha midomo.
Sabini na sita. Mwakio amefumba macho.
Themanini.
Nanyanyua virungu.
Themanini na moja: koti langu liko msumarini,
ndani yake simu, nimeizima mlio, ndiyo sheria ya Mwalimu.
Themanini na mbili.
Mkono wangu hautetemeki. Nashangaa hautetemeki.
Themanini na tatu.

Napiga.

Sakafu yapokea, mabenchi yapokea, vioo vyaitika,
na nje kengele kuukuu, haijaguswa na mtu,
yanong'ona, shaba kwa shaba.
Mwalimu ameushikilia mkono juu. Hakuna anayepumua.
Naweka viganja juu ya ngozi kuituliza.
Imetulia.
Lakini kuna kitu ukutani bado kinatetemeka,
taratibu, kwa mapigo sawa,
nami, kwa mazoea tu,
naanza kuhesabu.
Moja. Mbili.